Kituo cha Mlangoni

Ukitaka kumjua mtu huyu usimtazame usoni, mtazame suruali. Zote alizokuwa nazo, za kazini na za kutokea, zilikuwa zimepauka paja la kulia, sehemu pana kama kiganja. Paja la kushoto lilikuwa jipya kama siku ya kununuliwa. Mwenyewe alikuwa hajui. Miaka arobaini na mmoja amevaa suruali, na hajui! Lakini tusimcheke sana, maana kisogo chako mwenyewe umewahi kukiona lini?

Alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani. Kazi yake aliifanya chumba cha nyuma cha duka, mbele ya jiwe linalozunguka huku maji yakilidondokea, akipunguza kioo kidogo kidogo mpaka kiingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Chumba cha mbele alikaa mama mmoja mtu mzima, muuzaji wa fremu, ambaye kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Mama Fremu. Wawili hao walikuwa na miaka saba ya kuongea kupitia tundu la ukutani, lile la kupitishia vioo. Kazi ikiisha fundi alirudi kwenye chumba chake chenye kiti kimoja. Cha pili kilivunjika mguu zamani, naye hakukitengeneza, kwa sababu hakuona nani atakayekikalia.

Kwenye mtandao alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko aliitwa Kidole, na aliandika habari za magemu ya kupiga risasi kwenye tovuti moja yenye wasomaji wengi na adabu kidogo. Jina hilo hakujipa. Alipewa na baba yake.

Baba alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Jumamosi mchana, wenzake wakishakwenda makwao, alikuwa akiwachukua wanawe wawili, binti wa miaka kumi na miwili na mdogo wake wa kiume wa miaka minane, akaenda nao ofisini ili mama yao apumue. Yeye aliinamia meza yake ya kuchorea. Watoto aliwaachia kompyuta, ambayo ndani yake mtu fulani alikuwa ameweka gemu linaloitwa Ghala. Askari mmoja, bunduki moja, ghala refu chini ya ardhi, na nyuma ya kila mlango zimwi linakungoja. Siku ya kwanza watoto walipigania zamu mpaka kalamu za baba zikamwagika. Baba akainuka, akaweka viti viwili, akatoa hukumu. Kwake hakuna zamu, zamu huzaa vita. Mkubwa ashike kibodi, atembee. Mdogo ashike kipanya, atazame na apige. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, kisha akarudi kwenye ramani zake.

Basi dada akawa Miguu, mdogo akawa Kidole, na wawili wakawa askari mmoja. Miaka minne walicheza hivyo kila Jumamosi. Dada hakuwahi kupiga risasi hata moja, na mdogo wake hakuwahi kupiga hatua hata moja. Walilimaliza Ghala mara tisa.

Sasa nikuambie kinachouma. Mwaka huu ulikuwa wa nne tangu Miguu na Kidole waongee mara ya mwisho.

Ilitokea msibani kwa mama yao. Dada ndiye aliyekuwa akiishi na mama, ndiye aliyemuuguza, na asubuhi mama alipozidiwa ndiye aliyekuwepo. Jirani alileta gari likasimama nje. Lakini gari lile lilikaa pale karibu saa nzima, na majirani walimwona dada amesimama mlangoni, mkoba mkononi, haingii wala hatoki. Walipofika hospitali, mama alikuwa ameshakata roho njiani. Fundi alisikia habari hizo kwa majirani, na ulimi hauna mfupa: mbele ya watu wote, jamaa na wageni, alimuuliza dada yake alikuwa amesimama mlangoni anangoja nini wakati mama anakufa. Dada hakujibu. Aliosha vyombo vya wageni mpaka cha mwisho, akavipanga, akaondoka. Tangu hapo, kimya.

Mwanzoni fundi aliona kimya kile ni cha mwenye hatia. Mwaka wa pili akaanza kukiogopa. Mwaka wa tatu alikuwa akishika simu, anaitazama namba ya dada yake, anairudisha mfukoni. Hakuwa na mtu mwingine duniani, hilo tuliseme waziwazi: baba alishatangulia, mke hakuoa, marafiki wake walikuwa majina ya kwenye kioo. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa na jina la mtu mmoja.

Ndipo mhariri wa ile tovuti alipomwandikia. Ghala limetengenezwa upya kwa mara ya pili, alisema, na watu wanataka kujua lipi bora kati ya la zamani na haya mawili mapya. Nani wa kulinganisha kama si Kidole? Fundi alikubali kabla hajamaliza kusoma. Moyoni alijua anamwandikia nani. Dada yake alikuwa na simu kama watu wote, na siku moja, katika kuperuzi, jina la Ghala lingemkamata. Angesoma. Akishasoma, labda angepiga yeye, na mdogo mtu asingelazimika kuanza. Umeona ujanja wa mwoga?

Yale mawili mapya aliyacheza kwa bidii, kwa kile kifaa cha kushika mikono miwili ambacho kila kidole kinajua pake. Toleo la kwanza, lililotoka miaka kumi nyuma, lilikuwa giza na matope mwanzo mwisho, na askari alikuwa amepewa mdomo. Anaongea! Kila akiua zimwi anakumbuka mambo yake ya nyuma, anahuzunika, mpaka unatamani zimwi lishinde. La mwaka huu lilikuwa kinyume chake, rangi zinaumiza macho, askari anakimbia kama kachomwa moto, na kila baada ya hatua tatu unapewa nishani. Milango ya Ghala, ile iliyokuwa ikipanda juu kwa mlio wa kukoroma, siku hizi inajifungua yenyewe hujafika.

Lile la zamani hakulicheza. Alilikumbuka. Mtu haulizi njia ya kwenda kwao, alijiambia, akaandika kutoka kichwani. Alisifu mazimwi yaliyochorwa upande mmoja tu, ambayo hata ukiyazunguka vipi yanakutazama usoni. Alisifu damu yake ya vipande vya mraba. Mwisho akaandika lile alilokusudia dada yake alione. Katika Ghala la zamani, aliandika, askari alikuwa na kituo. Kila akifika mbele ya mlango alisimama kidogo, kama anavuta pumzi, ndipo akaingia. Kituo hicho hakikuandikwa popote, lakini ndicho kilichokufanya uamini kwamba yule ni mtu na anataka kuishi. Matoleo mapya yana kila kitu isipokuwa hicho, na bila hicho hayana kitu. Alipomaliza kuandika macho yake yalikuwa na maji.

Makala ilitoka Jumatatu. Kufikia saa nne asubuhi Kidole alikuwa kichekesho cha tovuti nzima. Mmoja alisema amecheza Ghala tangu ana meno ya utotoni na kituo hicho hajawahi kukiona. Wa pili alileta video, askari anapita milango kumi na minne mfululizo bila kupunguza mwendo. Wa tatu aliuliza Kidole anavuta nini, na kama kimebaki apelekewe. Mhariri naye akaandika kwa upole, na upole wa mhariri ni mbaya kuliko matusi, akimwomba aonyeshe ushahidi au aandike kwamba alikosea.

Kilichomuuma fundi hakikuwa kucheka kwao. Alikuwa amempelekea dada yake kitu kimoja ambacho ni chao wawili, na sasa dunia inasema kitu hicho hakipo. Kama dada yake angesoma, angesoma na kile kicheko chote chini yake, na angesema ndugu yake ni yuleyule, anasema asiyoyajua mbele za watu. Siku ile alipasua vioo viwili kwenye jiwe, jambo ambalo halikuwa limetokea miaka mitano.

Mama Fremu alichungulia tunduni. Alikuwa mama wa kuuliza kitu mara moja tu, na ukijibu uongo anaondoka. Fundi akamweleza yote, isipokuwa la dada. Alimweleza gemu, baba, viti viwili, Miguu na Kidole, na kituo cha mlangoni. Mama Fremu alifikiri, akasema mbona jambo lenyewe ni dogo, si wacheze waone. Kompyuta ya mbele, ile inayohifadhi vipimo vya macho vya wateja, ilikuwa kuukuu vya kutosha kulimudu Ghala, na saa ya chakula hakuna mteja.

Kwa hiyo Jumanne mchana, mlango wa duka umerudishiwa, fundi na Mama Fremu walikaa kwenye viti viwili. Mama kushoto kwenye kibodi, fundi kulia kwenye kipanya. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kukaa bega kwa bega na mtu tangu sikumbuki lini, na alijisikia vibaya kwa jinsi alivyofurahi. Alimwonyesha mama kitufe cha kwenda mbele, cha kurudi, cha kushoto na kulia. Mama akasema hayo yamemwingia, kwani yeye mtoto?

Lo! Alitembea kama anayewahi foleni. Ukuta, aliugonga. Pipa, aliligonga. Mlango wa kwanza ukakoroma ukapanda juu, mama akaingia mzimamzima, na zimwi likawala. Wakaanza upya. Likawala tena. Mara ya tatu fundi alisema, kwa sauti aliyojitahidi isiwe kali, kwamba angoje, pale kuna kituo, askari husimama mwenyewe. Mama akasema yeye haoni anayesimama, anayemwona ni anayekufa. Mara ya tano mama aliacha kutazama kioo. Akatazama mkono wa fundi.

"Wewe," alisema, "mbona kila tukifika mlangoni unakiacha kipanya?"

Fundi alisema hajakiacha. Mama akamwambia aangalie. Wakaanza upya, na mlangoni fundi akautazama mkono wake kwa mara ya kwanza maishani. Ulikuwa umeshatoka kwenye kipanya. Ulikuwa pajani, upande wa kulia, unajifuta jasho, taratibu, mbele na nyuma, mara tatu, kana kwamba una akili zako. Kisha ukarudi kwenye kipanya. Zimwi lilikuwa limeshamaliza kula.

"Ndiyo maana suruali zako ziko hivyo," alisema Mama Fremu. "Miaka saba nimekuwa nikijiuliza."

Fundi alikaa vilevile. Mama alimuuliza kama waendelee, hakusikia. Alikuwa akiona chumba kingine, kompyuta nyingine, na kando yake, upande wa kushoto, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hatazami kioo. Ghala halikuwa na kituo. Wale wahuni wa mtandaoni walikuwa wanasema kweli. Miaka minne ya Jumamosi, kila mlango, kulikuwa na mtu ametulia kwenye kibodi, anautazama mkono wa mdogo wake, anangoja urudi ndipo ampeleke mbele. Wala hakuwahi kusema.

Na hapa kuna jambo sijakuambia, kwa sababu fundi naye hakumwambia mtu. Asubuhi ile mama alipozidiwa, simu yake ilikuwa ndani ya koti, koti liko kabatini, naye yuko kwenye jiwe, kelele zimejaa masikioni. Alipoitoa saa sita alikuta dada yake amepiga mara sita. Alipiga akapokewa na kilio. Zile simu sita alizifuta siku hiyohiyo. Msibani aliposimama kumhukumu dada yake alikuwa anajua zilikuwepo, na alisema aliyosema kwa nguvu zaidi kwa sababu zilikuwepo. Mwenye kidonda ndiye anayepiga kelele.

Aliingia chumba cha nyuma. Namba alikuwa nayo kichwani. Safari hii hakuitazama, aliipiga. Ililia mara nne.

"Haloo."

"Dada. Ni mimi."

"Najua. Namba yako sijaifuta."

Mtu mwingine angeomba radhi hapo. Yeye, kwa woga, akaanzia mbali. Alimuuliza kuhusu Ghala, kama alikuwa akisimama mbele ya milango. Dada akasema miaka minne hajasikia sauti yake na leo anaulizwa gemu. Fundi akarudia swali. Akajibiwa taratibu, kama anavyojibiwa mtu anayeuliza jina lake mwenyewe.

"Ulikuwa unafuta mkono. Mkono wako unatoka jasho tangu utoto. Ningekuingizaje ndani hujashika kipanya? Si ungekufa?"

"Hukuniambia."

"Ungeona haya, ukaacha kufuta. Halafu kipanya kikuteleze. Bora nilivyokungoja."

Fundi aliegemea mashine. Ile sauti ilikuwa ileile, nzito kidogo tu. Alijua kwamba asipouliza sasa hatauliza tena mpaka mmoja wao azikwe, na anayebaki ndiye atakayejiuliza peke yake. Akauliza siku ile ya mama, pale mlangoni, ilikuwaje.

Dada akaeleza, bila kupandisha sauti. Mama aligoma. Gari lipo nje, mkoba umefungwa, mama ameshika kitanda, anasema haendi hospitali yoyote mpaka mwanawe wa kiume amwambie aende, hao wengine wanataka tu kumtoa nyumbani kwake. Unamjua alivyokuwa. Alibembelezwa na jirani, akabembelezwa na dereva. Dada akasimama mlangoni, pale simu inaposhika vizuri, akawa anapiga. Neno moja tu la Kidole lingemwinua mama. Alipiga mara sita. Mwishowe mama alipolegea wakambeba, kwa sababu hakuwa tena na nguvu ya kukataa.

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema dada. "Kama kawaida."

Fundi akauliza.

"Mbona hukusema pale msibani? Mbele ya watu, nilipokuuliza?"

"Ningesema, wewe ungebaki na nini?"

Hapo fundi alilia, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, amesimama katikati ya unga wa vioo. Alisema nisamehe, dada. Alisema aliziona zile simu, zote sita, na alizifuta, na alijua, na alisema vile hivyohivyo. Alisema amekuwa peke yake na hajui kuwa peke yake. Mengine hayakusikika.

Dada alimwacha mpaka akamaliza kulia. Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kusamehe wala ya kukataa kwamba ana sufuria jikoni, angoje. Fundi alisikia simu ikiwekwa juu ya meza.

Akangoja. Alisikia ndala zikienda mbali, kifuniko kikigonga, bomba likifunguliwa na kufungwa. Kisha hakusikia kitu. Dakika tano zikapita, zikapita kumi. Sufuria gani hiyo? Saa ya chakula ikaisha, mteja akaingia duka la mbele, na Mama Fremu akachungulia tunduni ili aulize kioo cha nani kiko tayari. Akamwona alivyo. Aliufunga mlango wa tundu polepole, na fundi akamsikia akimwambia mteja arudi kesho, mashine imeharibika.

Alibadilisha sikio. Alijua kwamba dada yake angeweza kuiacha simu hapo mezani mpaka chaji iishe, na kwamba angekuwa na haki. Akajua pia kwamba hatakata yeye. Kama ni kusimama hapa mpaka jioni, atasimama, kwa sababu kuna mtu alisimama mara nyingi kuliko hivi kwa ajili yake na hakuhesabu.

Ndala zikarudi. Zilikuja karibu, karibu zaidi, mpaka palipo meza, zikasimama. Simu haikuinuliwa. Hapakuwa na sauti, ila pumzi ya mtu aliye jirani na kitu na hajaamua kukigusa. Fundi aliijua pumzi ile. Aliwahi kuandika makala nzima juu yake, na akakosea mwenye pumzi ni nani.

Akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa pajani, unakwenda mbele na nyuma. Aliuacha umalize, kisha akaurudisha juu akaishika nao simu.

"Nimeshafuta, dada," alisema.

Upande wa pili simu ikainuliwa mezani.